CV ileile kila mahali ndo inakuangusha

Mdau umeuliza mbona unatuma CV kila siku na hakuna hata mmoja anayekupigia, mi naona shida ni kutuma ileile kila mahali. Chukua tangazo la kazi ulisome taratibu, yale maneno wanayoyarudiarudia, mfano usimamizi wa stoo au Excel, yaingie kwenye CV yako kama kweli unayajua, maana kampuni nyingi kubwa siku hizi programu ndo inachuja kwanza kabla mtu hajaiona. Halafu achana na "nilihusika na mauzo", hiyo haisemi kitu kabisa, sema ulifanya nini na ikawaje, kama "nilihudumia wateja 40 kwa siku na kufunga hesabu kila jioni bila upungufu", hapo hata asiyekujua anapata picha. Kazi ya karibuni ianze juu. Kurasa 2 zinatosha, dini na ndoa toa labda wawe wameomba wenyewe, na ile imeili ya utani ya enzi za shule jamani ibadilishe. Tuma PDF, na faili liite jina lako sio "CV mpya ya mwisho 3".