Kiulizeni kidole gumba

Swali lenu la wiki hii linasema: "Katika mashine zote za gemu za mkononi ulizowahi kushika, ipi imekukaa vizuri zaidi, na kwa nini?" Najua wengi watajibu kwa kioo: kioo kikubwa, kioo chenye rangi, kioo kisichokwama. Mimi naomba kujibu kwa kidole gumba.

Ni fundi simu, mwanamke, kibanda changu kiko Morogoro si mbali na stendi ya Msamvu. Kati ya simu na simu naletewa rimoti, spika na padi za gemu. (Mtaani wanasema "pedi". Naandika padi ili tusije tukaelewana vibaya.) Kwa hiyo hizi mashine nazijua kwa pande mbili. Nimezicheza, na nimezifungua. Huko kuzifungua ndiko kulikonibadilisha mawazo.

Padi ukiifungua inakusimulia mwenyewe anachezaje kabla hajafungua mdomo. Chini ya kila kitufe kuna mpira laini ulioumbwa kama kikombe kidogo, na ndani ya kikombe kuna nukta nyeusi ya kaboni. Ukibonyeza, nukta inashuka na kuunganisha njia mbili za umeme. Hakuna uchawi mwingine. Sasa padi ya mtu wa mpira, nukta ya X inakuja imepauka, kwa sababu kwenye PES, ile gemu ya mpira wa miguu, X ndiyo pasi. Ya mraba, ambayo ni shuti, bado nyeusi tii. Kuna kijana nilimwambia, "Wewe golini hupigi, unapiga pasi tu mpaka dakika tisini." Akanitazama kama mganga. R1 nayo, ambayo ni mbio, inakuja imelegea kama mlango wa choo cha stendi, maana vijana wetu hawajui kutembea na mpira. Na yule wa gemu za ngumi utamjua kwa upande wa chini na wa mbele wa ule msalaba wa kushoto, ndiko kidole chake kinakosugua usiku kucha akitafuta pigo maalumu.

Nasafisha kwa pamba na spiriti. Nukta ikiwa imekwisha kabisa, nabandika kipande cha karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ile dawa ya rimoti tuliyorithi kwa mafundi wa zamani. Inadumu miezi michache, kisha mwenye padi anarudi analalamika na mimi nabandika tena.

Mashine yangu ya kwanza haikuwa yangu. Mwaka 1998 mjomba alirudi kutoka Dar na gemu ya matofali, ya kijivu, iliyoandikwa kwamba ndani yake mna gemu 9999. Uongo mtupu. Zilikuwa gemu chache zilizorudiwarudiwa kwa kasi tofauti. Kioo chake kilikuwa na matofali 10 kwa upana na 20 kwa kimo, basi, na jua likizama huoni kitu. Tetris yenyewe, gemu ya kupanga matofali yanayoanguka, ilitungwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, na ile gemu yetu ilikuwa mtoto wake wa nje. Sisi hatukujua habari za baba. Tulijua zamu tu: kaka akishindwa, nashika mimi. Betri zikichoka tunazianika juu ya bati, zinapata joto, tunaiba nusu saa nyingine.

Nilipokuwa mkubwa na kuanza kusoma habari za ufundi, nikamkuta Gunpei Yokoi wa Nintendo. Inasimuliwa kwamba akiwa ndani ya treni alimwona mfanyakazi mmoja amechoka, anajibonyezea kikokotoo ili safari iishe. Hapo akapata wazo la gemu ndogo ya mfukoni, na mwaka 1980 zikatoka Game & Watch, vijimashine vyenye kioo cha aina ile ile ya kikokotoo. Mwaka 1982, kwenye ile ya Donkey Kong, akaweka kitu ambacho mpaka leo kipo kwenye karibu kila padi duniani: ule msalaba. Katikati, kwa chini, kuna kichuguu kidogo na msalaba unabembea juu yake. Ukibonyeza kushoto, kulia kunanyanyuka, kwa hiyo huwezi kwenda pande mbili zinazopingana kwa pamoja hata ukitaka. Kidole hakihami. Kinaegemea tu, kama mtu anayebadilisha bega la kuegemea ukutani.

Game Boy ya Nintendo ilipokuja mwaka 1989 ilikuwa na betri nne ndogo, kioo cha kijani kibichi kisicho na taa, na sura ya tofali. Mwaka uliofuata Sega wakatoa Game Gear, rangi tele na taa ndani. Lakini ilikula betri sita kwa saa chache tu. Game Boy ilikaa na zake nne siku baada ya siku, na pamoja na mdogo wake wa rangi ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Falsafa ya mzee Yokoi ilikuwa kuchukua teknolojia iliyokwisha kuzoeleka, ya bei rahisi, na kuifikiria upya. Fundi yeyote wa hapa kwetu anamwelewa bila kufafanuliwa.

Kuna vile vijigemu vya siku hizi, gemu 400 ndani ya kimoja, vinauzwa kila duka la vifaa vya simu. Cha kwanza nilipokifungua mgongo nilicheka peke yangu: ndani imelala betri ya BL-5C, ile ile ya Nokia ya tochi! Nina droo nzima ya betri hizo. Mzazi akija analia kwamba kigemu cha mtoto kimekufa, ndani ya dakika moja kimefufuka, naonekana fundi mkubwa. Tatizo lake ni msalaba. Ni mgumu na mfupi, unabonyeza juu wenyewe unasikia kulia, na mtoto anadhani hajui kucheza.

Vijiti ni habari nyingine. Wiki mbili zilizopita alikuja mwanafunzi wa kidato cha pili, padi iko kwenye mfuko wa rambo.

"Shikamoo dada fundi."

"Marahaba. Imefanya nini?"

"Mchezaji wangu anatembea mwenyewe. Sijagusa kitu, anaenda kushoto."

"Imeanguka?"

"Haijaanguka." Akasita. "Mara moja tu."

Nikamuuliza kama nyumbani kwa babu yake kuna redio ya zamani yenye kinobu cha sauti. Ipo. Ukikizungusha inakwaruza, kwaa kwaa, kisha sauti inaruka? Inakwaruza. Basi ni ugonjwa huo huo. Chini ya kijiti kuna visanduku viwili, kimoja kinapima juu na chini, kingine kushoto na kulia. Ndani ya kila kimoja kuna utepe wa kaboni, na juu ya utepe kidole cha bati kinateleza kwenda na kurudi. Utepe ukilika au ukiingiwa na vumbi, padi inasoma kwamba umesukuma wakati umetulia. Kusafisha kunasaidia kidogo. Kupona kabisa ni kung'oa kijiti kizima, na kijiti kina miguu 14 iliyochomewa kwa risasi. Ukiwa na haraka unang'oa na njia za umeme za bodi, ndiyo kwaheri. Kwa nini wasitumie sumaku, mtoto akaniuliza. Swali zuri kuliko mengi ya wakubwa. Sumaku na kihisi havigusani, kwa hiyo hakuna cha kusagika, na padi ya Dreamcast, mashine ya Sega ya mwaka 1998, ilikuwa hivyo tayari. Sasa ndiyo vijiti vya sumaku vinarudi, hata kwenye padi za bei ya kawaida. Nikamwambia akinunua nyingine aulizie hizo. Ya kwake niliisafisha, nikamtoza ya soda.

Jibu langu basi. Ni PSP, mashine ya mkononi ya Sony.

Yangu ni ile ya 3000, niliinunua mwaka 2011 kwa mwanachuo aliyekuwa anatafuta nauli ya kurudi kwao, laki moja na nusu, imetumika lakini haijachubuka. Haifiki gramu 200. Kioo chake cha inchi 4.3 siku hizi ni kidogo kuliko cha simu yoyote ninayotengeneza, sikatai. Ila mkononi inakaa kama sahani iliyotengenezwa kwa vidole vyangu. Vile vitufe vinne vya kulia vina umbali ambao gumba langu linaufikia bila kunyanyuka, na L na R ziko pale pale vidole vya shahada vinapopumzikia.

Nilijua nimeipenda siku nilipokwenda nayo Mbeya kwa basi. Tuko katikati ya mbuga ya Mikumi, nacheza PES, abiria wa dirisha la kushoto wakapiga kelele, "Tembo! Tembo!" Nikageuka. Walikuwa wanne, na kadogo mmoja kati ya miguu ya mama. Niliwatazama mpaka wakapotea nyuma yetu. Niliporudisha macho kwenye kioo, gumba langu lilikuwa limeendelea kupiga pasi, mpira bado wetu! Sijafunga, sitawadanganya, lakini mpira ulikuwa wetu. Hapo ndipo nilipoelewa ninachokitafuta kwenye mashine ya mkononi. Nataka kitu ambacho kidole kinakijua kwa kupapasa, jicho likiwa na shughuli nyingine. Baadaye kona za Kitonga, watu wanashika viti na kumkumbuka Mungu, vidole vyangu viko nyumbani kwao.

Ina kasoro, na kasoro yenyewe inachekesha. Ina kijiti kimoja tu, kibapa kama kifuniko cha chupa, kiko kushoto chini ya msalaba. Gemu ikitaka utembee huku unageuza macho, kidole cha kugeuzia hakuna. Wajapani waliokuwa wanacheza Monster Hunter walipata jibu: gumba la kushoto kwenye kijiti, halafu kidole cha shahada cha mkono huo huo unakikunja kwa juu kama kucha ya mwewe, kinabonyeza msalaba. Nilijaribu. Baada ya dakika ishirini mkono wangu ulikuwa kama wa mtu aliyesuka ukili kutwa.

Sasa nawaona wapwa zangu na PUBG, gemu ya kupigana kwa bunduki, kwenye simu. Vidole vinne juu ya kioo, vya shahada vimekunjwa vile vile, kucha ya mwewe imerudi! Lakini kioo hakina ukingo. Hakuna mahali kidole kinaposema "hapa ndipo". Lazima ukichunge kwa jicho, na jicho lenyewe linatakiwa limchunge adui, na kidole chenyewe kimeziba pale adui alipo. Mikono ikitoka jasho inateleza, wengine mpaka wanavaa vijisoksi vya vidole vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nikiwaambia tembo wakipita hamtawaona, wananijibu, "Shangazi, tembo gani tena?" Kwao mimi ni mtu wa zamani, na kwa kuwa bando ni langu, tunavumiliana.

Mashine mpya nimezishika za watu, dakika chache chache. Switch ya Nintendo, ya 2017, napenda inavyotoa ubavu mmoja ukampa mwenzako, ni zamu zetu za utotoni bila kusubiriana. Steam Deck ya 2022 ina kila kitu, vijiti viwili, vitufe mpaka mgongoni, ila gramu zake zinakaribia 670. Usiichezee umelala chali.

Gemu ya matofali nayo nimeipata tena. Si ile ya mjomba, ni ndugu yake, ilikuja ndani ya boksi la takataka za duka moja lililokuwa linafungwa. Nikaisafisha vitufe, nikaweka betri mpya, ikalia ule mlio wake. Kaka yangu mkubwa, ambaye siku hizi anaishi Dodoma na ana kitambi cha ofisini, alipita kunisalimia Pasaka. Akaiona juu ya meza, akaishika bila kuomba, na kidole chake cha kushoto kikaenda mahali pake hapo hapo, kabla hata hajamaliza kuniuliza habari za nyumbani. Alicheza saa nzima amesimama. Wateja wakawa wanamwamkia yeye, wanadhani ndiye fundi.

Tatizo ni kwamba mpaka leo anadai ndiye mwenye rekodi ya nyumbani kwetu, aliiweka likizo ya mwaka 1999 mimi nikiwa nimelala. Sasa gemu ile ukitoa betri rekodi inafutika, na betri zile zilitolewa asubuhi yake kuwekwa kwenye redio ya baba, asikilize taarifa ya habari. Ushahidi hakuna. Aliposikia nawaandikia nyie, akaniomba nitaje kwamba rekodi ni yake, na namba yenyewe akanitumia kwa meseji. Namba sitaitaja.