Nimemtaka baada ya kuchumbiwa

*Shangazi, kwa miaka miwili dada mmoja ninayefanya naye kazi alinipenda waziwazi. Mimi sikuwa na habari naye. Nilipoumwa alikuja kunijulia hali, nikajifanya nimelala mpaka akaondoka. Mwezi uliopita alitutangazia kwamba amechumbiwa. Tangu hapo sipati usingizi. Usiku nafuta namba yake, asubuhi naitafuta tena nione kama yuko hewani. Je, nimwambie ukweli kabla hajaolewa? Na harusini niende? Nimechelewa.*

Mwanangu, usimwambie. Nimeanza na jibu kwa sababu najua kidole chako hakiko mbali na simu.

Barua yako ilikuwa ndefu, hapo juu nimeifupisha. Nimeisoma yote, na kuna jambo limenishangaza. Umenieleza gari la mchumba wake, kazi yake, hata kimo chake. Kuhusu huyo dada mwenyewe, nini humchekesha, nini humkera, hukuandika hata mstari. Aliyependa huwa hachoki kumsimulia ampendaye. Wewe umenisimulia mwanaume mwenzio.

Mwaka 1975 mwanasaikolojia Stephen Worchel na wenzake waliwaonjesha watu biskuti. Wengine walichukua kwenye chupa yenye biskuti kumi, wengine kwenye chupa yenye mbili. Biskuti ni zilezile, lakini zile mbili zilitamaniwa zaidi, hasa kwa wale walioona chupa ya kumi ikiondolewa na kuletwa ya mbili kwa kuwa wenzao nao walizihitaji. Ila walipoulizwa kuhusu utamu, hawakuziona tamu kuliko zile nyingi. Hamu ilipanda, ladha ikabaki palepale.

Miaka michache kabla, mwaka 1966, mwanasaikolojia Jack Brehm alikuwa ameeleza kwamba mtu akihisi ananyang'anywa uhuru wa kuchagua, hicho anachozuiwa humpandia thamani machoni. Ndiyo habari yako. Ulikuwa na hiari ya kumkubali siku yoyote, ukaizoea hadi ukaisahau. Alipovishwa pete, hiari ikakatika. Yule sungura wa hadithi angalau alizikosa ndizi ndipo akasema sizitaki mbichi hizi. Wewe uliwekewa mbivu mkononi.

Huenda nakuonea. Wapo wanaochelewa kuutambua moyo wao, na siwezi kuapa kwamba wewe si mmoja wao. Basi jipime. Chukulia amekupigia leo, uchumba umevunjika, yuko huru na anakutaka. Furaha ya siku ya kwanza iache, hiyo haina ushahidi. Nenda mwezi wa tatu: mmekaa jioni, hakuna wa kushindana naye, naye anakueleza mambo ya kazini ambayo umeshayasikia. Bado unataka kuwa hapo? Ukijikuta kichwani umeshaanza kujifanya umelala, jibu unalo.

Na yeye umemfikiria? Kumpenda asiyekutazama kwa miaka miwili ni kazi, na kuacha ni kazi kubwa zaidi. Ameshaimaliza. Ujumbe wako utamrudisha alikotoka, na wewe huna unachomwahidi zaidi ya wasiwasi wa mwezi mmoja. Kupendwa bila kutoa chochote ni raha, na kuikosa raha hiyo kunauma kweli, sikukatalii. Lakini maumivu hayo hayatoshi kuvunjia mtu uchumba.

Sasa simu. Huko kufuta na kutafuta ndiko kunakokuweka macho, maana kila ukimkuta hewani, tumaini linapata chakula cha kutwa. Namba iache ilipo kwa ajili ya kazi, ila usimchungulie. Kazini msalimie kama zamani, zungumzeni ya kazi, na usianze ukarimu ambao hukuwa nao. Wanawake tunaushtukia haraka.

Harusini usiende. Toa udhuru mapema, uwe mfupi, na pongezi zako mwandikie kwenye kadi moja pamoja na wafanyakazi wengine.