Filamu ya Mizimu Inapomlaza Mtazamaji

SWALI: Nimetazama White Noise ya mwaka 2005, ambamo Michael Keaton ni mgane anayetafuta sauti ya marehemu mkewe kwenye chenga za televisheni. Mwanzo ulinishika, lakini kufika katikati nikawa nasinzia. Je, tatizo ni mwendo wake wa polepole?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mwendo hauna kosa. The Others ya Alejandro Amenábar (2001) nayo inakwenda taratibu, na bado mtu hathubutu kuinuka kufuata maji ya kunywa. Mapema kabisa Nicole Kidman anawapa watumishi sharti la nyumba: mlango usifunguliwe kabla ule uliotangulia haujafungwa, maana mwanga unawadhuru watoto wake. Tangu hapo, hata akitembea tu, nasi tunahesabu milango.

White Noise haina sharti la kushika. Kwanza marehemu wanatuma ujumbe kupitia kelele na chenga. Baadaye ujumbe unawahusu watu ambao bado wako hai. Halafu vinazuka vivuli vitatu vyenye kudhuru, na mwisho kabisa tunaletewa muuaji ambaye ni binadamu wa kawaida. Kila kanuni mpya inafuta hofu iliyojengwa na ile ya kwanza. Asiyejua nini kinaweza kutokea na nini hakiwezi, hana cha kungojea, na usingizi unamkuta hapo.

Kisha kuna kurudia. Keaton anaketi mbele ya skrini, chenga, sura hafifu, kishindo. Mara ya kwanza unashtuka kweli; baadaye unakijua kishindo kabla hakijaja. Tukio likirudi, lazima kitu kibadilike: muda uwe umepungua, au kusikiliza kumgharimu zaidi. Inauma, kwa sababu wazo lenyewe ni zuri sana na Keaton anaubeba msiba bila makeke.

SWALI: Tunataka kupiga filamu fupi ya mzimu kwa simu, dakika 10. Tufanyeje isichoshe?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndani ya dakika 2 za mwanzo toeni sharti moja tu, mathalani: redio ya marehemu isizimwe usiku. Lionyesheni likitimizwa, kisha likinusurika, kisha likivunjwa. Dakika 10 hazibebi zaidi ya hayo.

Shoti ndefu iwe na kitu cha kutafuta, kama mlango uliobaki wazi nyuma ya mwigizaji. Gizani simu hupandisha mwanga yenyewe, weusi ukageuka kijivu chenye punje. Bonyezeni skrini na kushikilia hadi fokasi na mwanga vijifunge, kisha shusheni mwanga kidogo.

Sauti ndiyo inayoangusha wengi. Zimeni feni na friji. Kabla ya kuondoka kila chumba, rekodini sekunde 60 za ukimya wake na kuzitandaza chini ya mazungumzo, la sivyo kila mkato utasikika. Msitangulize ukimya kabla ya kila kishindo. Watazamaji huzoea upesi na kujiandaa.

Mkihitaji chenga, king'amuzi hakitawapa. Tafuteni televisheni ya zamani ya kichogo, isiyo na antena.

SWALI: Hizo sauti za wafu zilibuniwa kwa ajili ya filamu tu?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hapana. Mwaka 1959 huko Uswidi, Friedrich Jürgenson alikuwa akirekodi ndege, akaamini kanda yake imenasa sauti za watu. Konstantin Raudive, kutoka Latvia, akaendeleza kazi hiyo. Ila ubongo wetu huchonga maneno hata ndani ya kelele tupu, na kinasa sauti kinachojirekebisha chenyewe hukuza kila mchakacho palipo kimya, pengine na vipande vya matangazo ya redio.

Jaribuni hivi: wapigieni watu watano sekunde chache za kanda ya namna hiyo, kila mmoja aandike alichosikia bila kushauriana. Majibu yatatofautiana. Kisha wapigieni wengine watano, lakini safari hii neno litajeni kabla, na wengi watalisikia hilohilo.