Usimwambie "Mtoto Amelala": Kwako Unayeanza Kazi Kliniki ya Wajawazito

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwambia mama mmoja kwamba mtoto wake amelala. Mimba ilikuwa ya wiki 31. Nilikuwa nimehamisha fetoskopu, kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto, tumbo zima, nikachukua dopla, kifaa cha umeme cha kazi hiyo hiyo, na kila mahali nikasikia mapigo ya mama mwenyewe tu, 80 na kitu kwa dakika. Moyo wa mtoto hupiga kati ya 110 na 160. Nilishajua, au tuseme nilishashuku vya kutosha, lakini macho yake yalikuwa usoni pangu na ulimi ukanitangulia: "Amelala tu, mama. Kapige altrasaundi." Aliondoka akitabasamu. Aliporudi hakuniuliza habari za mtoto. Aliniuliza kwa nini nilimdanganya.

Kupima utafundishwa, na ukikosea kuna mtu atakusahihisha. Ulimi hakuna atakayeusahihisha, ndiyo maana nautanguliza. Siku hizi nasema hivi: "Mama, mapigo ya mtoto sijayasikia. Huenda ni mimi sijayapata, huenda kuna tatizo. Twende altrasaundi sasa hivi, tunakwenda wote." Basi. Simpi tumaini ambalo sina, wala simtangazii msiba ambao haujathibitishwa.

Vipimo vya kila siku vina mtego mmoja, mazoea. Shirika la Afya Duniani lilipopandisha mahudhurio kutoka manne hadi manane mwaka 2016, halikukusudia tugonge mihuri minane kwenye kadi. Presha ya 140/90 baada ya wiki ya 20 haipuuzwi kwa sababu "ametembea juani". Mketishe, apumzike, rudia, pima protini kwenye mkojo. Akikwambia kichwa kinamgonga, anaona maluweluwe, au anaumwa chini ya mbavu upande wa kulia, huyo harudi nyumbani; kifafa cha mimba hakisubiri tarehe ya kliniki. Na anayesema mtoto hachezi kama alivyozoea apimwe siku hiyo hiyo. Yeye anaishi na huyo mtoto saa 24, wewe una dakika kumi.

Tukija kwenye matatizo ya mtoto mwenyewe, jambo linalowachanganya wageni wengi ni tofauti ya kuchuja na kuthibitisha. Kile kipimo cha damu ya mama kinachoangalia vinasaba vya mtoto, kinachoweza kufanyika kuanzia wiki ya 10, ni cha kuchuja. Kinataja uwezekano, hakitoi hukumu. Anayetaka uhakika hupewa uchaguzi wa kipimo kama kuchota maji ya chupa ya uzazi, kuanzia wiki ya 15, na hicho kina hatari ndogo ya kuharibu mimba ambayo lazima aambiwe kabla ya sindano. Ukimwambia mtu "uwezekano ni 1 kwa 200", geuza pia upande wa pili: wajawazito 199 kati ya 200 wenye jibu kama lake, mtoto hana tatizo hilo. Namba ni ile ile, lakini usiku atakaolala si ule ule.

Kabla hata ya kutoa damu, muulize: jibu likija baya, ungependa kulijua? Wapo wasiotaka. Mwanzoni niliwaona wajinga. Leo naona ni haki yao kama zilivyo haki nyingine, na fomu ya ridhaa iliyotiwa saini bila swali hilo ni karatasi tu.

Mgongo wazi ukionekana, au fuvu halikuumbika, swali la kwanza karibu kila mara ni "nilikula nini?" Mwambie ukweli: mfereji wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua hata kama wamebeba. Usianze kumhoji kama alimeza foliki asidi, ile vitamini ya kusaidia mfereji huo ujifunge. Hilo lina siku yake, anapofikiria mimba nyingine, kwa sababu utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 1991 ulionyesha kwamba miligramu 4 kwa siku, zikianza kabla ya kushika mimba, hupunguza sana tatizo hilo kujirudia. Leo muandikie jina la tatizo kwenye karatasi. Baada ya sentensi yako ya kwanza hatasikia nyingine.

Halafu kuna watu wa chumbani. Mume anajibu, mama mkwe anajibu, mwenye tumbo kanyamaza. Fanya iwe desturi kwamba kila mjamzito anaonwa peke yake kwa muda fulani, asiwepo wa kuhisi amefukuzwa. Mgonjwa wako ni yeye.

Hili si maneno ya semina. Mwaka 1987, mjini Washington, hakimu aliamuru mwanamke mwenye saratani, mimba ya wiki 26, apasuliwe ili mtoto aokolewe, ridhaa yake ikiwa haijapatikana. Mtoto alifariki baada ya saa chache, mama baada ya siku mbili. Mwaka 1990 mahakama ya rufaa ilitengua amri hiyo ikisema uamuzi wa mgonjwa ndio unaofuatwa, isipokuwa kwa nadra sana. Nami nimeshapandwa na hasira kwa mama aliyekataa upasuaji. Hasira ilikuwa yangu, tumbo lilikuwa lake.

Sheria ya kusitisha mimba hutofautiana nchi na nchi. Soma ya kwenu mwenyewe, usiisikie koridoni. Dhamiri yako ikikataa, mkabidhi kwa mwenzako. Usimfiche habari.

Na asiyetaka kusitisha, ingawa mtoto hataishi, anahitaji mpango kuliko mahubiri. Nani atakuwepo? Je, apasuliwe kwa ajili ya mtoto asiyeweza kuishi, abaki na kovu atakaloingia nalo kwenye mimba zijazo? Atampakata? Ana jina?

Yule mama wa wiki 31 alirudi siku ya nne, kifua kimejaa, gauni limelowa. Hakuna aliyemwambia kwamba maziwa huja hata mtoto asipokuwepo. Sasa namwambia kila mmoja kabla hajatoka wodini: avae sidiria inayoshika vizuri, aweke kitambaa cha baridi, akamue kidogo tu inapouma, na kama anataka dawa ya kuyakausha, amuulize daktari mapema.