Muulize Daktari wa Mifugo: Binti Ameitwa Kabete, Jamaa Wananuna

*Daktari, hujambo? Binti yangu amepata alama nzuri za KCSE na ameitwa Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea udaktari wa mifugo, kule Upper Kabete. Yeye anaruka kwa furaha, lakini shangazi zake wamenuna. Wanasema abadilishe kozi, kwamba miaka mitano ni mingi mno kuimalizia kwa ng'ombe, tena hiyo ni kazi ya wanaume. Mimi nauza mboga, mambo ya chuo siyajui. Nifanyeje?* — Mama wa kifungua mimba, Kangemi

Mama, hongera. Mwache mtoto aende, na umsindikize mwenyewe siku ya kuripoti.

Nianze na hilo la wanaume, maana linaniuma. Mwaka 1971 Wangari Maathai alipata uzamifu wake katika anatomia ya mifugo, katika chuo hicho hicho alichoitwa binti yako. Alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika daraja hilo. Mwaka 1976 akawa mkuu wa idara ya anatomia ya mifugo. Wakenya wengi wanamjua kwa miti na kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2004, wala hawajui kwamba kazi yake ilikuwa kuwafundisha madaktari wa mifugo namna tishu za mnyama zinavyoonekana chini ya hadubini. Na hata hiyo miti haiko mbali na ng'ombe. Alikuwa akizunguka mashambani akikusanya kupe kwa ajili ya utafiti wa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, na kama alivyosimulia mwenyewe, aliyoyaona huko yalimshtua: mifugo imekonda, mito imejaa udongo, nyasi hakuna. Akaona kwamba ardhi iliyochakaa ilikuwa tishio kubwa kwa ng'ombe wale kuliko kupe. Mwaka 1977 akaanza kupanda miti na akina mama. Waambie shangazi habari hiyo, waambie kwa upole, kwa sababu najua nao wanamtakia mtoto mema.

Sasa masomo yenyewe. Mwanzoni atakuwa anarudi nyumbani akinuka fomalini, dawa inayohifadhi miili ya wanyama wanaopasuliwa darasani. Usiogope, nguo zioshwe kando. Baadaye ataanza kugusa wanyama walio hai, na hapo ndipo napenda mzazi aelewe kinachofanyika. Chukua kupima mimba ya ng'ombe. Mwanafunzi anavaa glavu ya plastiki inayofika begani, anaipaka utelezi, anaingiza mkono taratibu kwa njia ya haja kubwa, anatoa mavi, kisha anapapasa kizazi kupitia ukuta wa utumbo. Mara za mwanzo haambulii kitu zaidi ya joto. Ng'ombe akijikaza, mkono unakufa ganzi. Anatoka jasho, wenzake wanangoja zamu, mwalimu anauliza, "Umeshika nini?" naye hana jibu. Mpaka siku vidole vinapokutana na mlango wa kizazi, kitu kigumu chenye mafundo kama shingo ya kuku, akaufuata kwenda mbele na kuhisi pembe moja ya kizazi, yaani moja ya matawi yake mawili, imejaa maji kuliko ya pili. Ng'ombe ana mimba. Nimesimamia wanafunzi wengi zizini, na wakati huo huwa nawatazama usoni, kwa sababu ndipo mtu anapoacha kukariri na kuanza kuwa daktari.

Kazi zipo za namna nyingi: kukagua nyama machinjioni, maabara, kaunti, wanyamapori, utafiti, au kliniki yake mwenyewe. Akihitimu lazima asajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, bila hivyo haruhusiwi kutibu. Kwa sasa fikiria ovaroli, gamboti, koti jeupe na vifaa vya kupasulia. Kama uko kwenye chama, zungumza nao mapema.

*Asalaam aleikum, Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa udaktari wa mifugo, kwetu ni Wajir, tunafuga ngamia na mbuzi. Darasani mifano mingi ni ya ng'ombe wa maziwa. Nikienda likizo wazee wananiuliza magonjwa ya ngamia, nashindwa, wanacheka. Naona siko huku wala kule.* — Mwanafunzi, Nairobi

Wa aleikum salaam, mwanangu. Likizo ijayo nenda na daftari, na uwe wewe wa kuwauliza wazee. Ugonjwa huu mnauitaje? Unakuja msimu gani, mnyama anaanza kuonyesha nini, mnampa nini? Andika kama wanavyosema, usisahihishe kitu.

Sikwambii hivi ili kukutuliza roho. Sotoka, ule ugonjwa uliofagia ng'ombe wa bara hili miaka ya 1890, ulishindwa kwa kuwategemea wafugaji wenyewe. Chanjo ilitengenezwa karibu nasi hapa, Muguga, ambako mwanasayansi Walter Plowright na wenzake walikuza kirusi kwenye seli za figo za ndama, tena na tena, mpaka kikaishiwa na ukali. Ilikuwa chanjo safi, ila ilihitaji baridi, na kule kwenu barafu ungeipata wapi? Miaka ya 1990 mwanzoni daktari wa mifugo Mmarekani, Jeffrey Mariner, akaboresha jinsi ya kuikausha ili ikae kama mwezi mzima bila friji. Hata hapo bado alihitajika mtu wa kuibeba kwa miguu mpaka malishoni, anayejua mifugo imehamia wapi na anayeaminiwa na wenyewe. Walioibeba sehemu nyingi ni wafugaji waliofunzwa kuchanja. Kisa cha mwisho kuthibitishwa kilikuwa cha nyati, katika Mbuga ya Meru hapa Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani, ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui. Plowright alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Na homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007? Wafugaji wa Kaskazini Mashariki walikuwa wameona mbu wakifurika na mifugo ikitupa mimba kabla wakubwa hawajasema neno. Jambo hilo hunisikitisha kila nikilikumbuka, maana watu walikufa. Palikosekana mtu wa kuchukua maneno ya mzee wa malishoni na kuyafikisha maabara siku hiyo hiyo, yakaaminika. Wewe unaweza kuwa mtu huyo, wala mimi siwezi. Kisomali sikijui, na ngamia nimemsoma zaidi kuliko nilivyomfuga. Mwambie mwalimu wako mapema kwamba utafiti wako utahusu ngamia, na umwonyeshe hilo daftari.

*Daktari, nafuga ng'ombe wawili. Mmoja aliugua kiwele, wakaja wanafunzi na mwalimu wao, wakamtibu. Jirani ananiambia wanajifunzia kwa ng'ombe wangu. Wakija tena niwakubali?* — Mfugaji, Uthiru

Wakubali, mradi mwalimu aliyesajiliwa yuko nao. Ni kweli wanajifunza kwa ng'ombe wako, na nakushukuru kwa hilo, kwa kuwa bila mazizi kama lako hatuna shule. Lakini nawe una haki zako. Wakuandikie jina la dawa, saa iliyodungwa, na lini maziwa yatafaa tena.

Hilo la maziwa silegezi. Ng'ombe aliyetibiwa kwa antibiotiki, maziwa yake hayauzwi wala hayanywewi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zipite, hata kama titi lililougua ni moja tu. Mwaga ya matiti yote manne. Usidhani ukichemsha dawa itatoka. Na ndama naye asipewe. Kama hawakukuachia maandishi, wapigie leo kabla hujakamua ya jioni.