Nina kadi 24 za midundo ya moyo, mbona utepe ukibadilika sijui kitu?

Shikamoo Mama. Nasoma uuguzi, mwaka wa pili. Nimetengeneza kadi 24 za midundo ya moyo, upande mmoja mchoro, upande wa pili jina, na hata ukiniamsha usiku wa manane nazitaja zote. Lakini mwalimu akituwekea utepe mwingine wa ECG (mchoro wa umeme wa moyo kwenye karatasi) wa mdundo uleule, nabaki natoa macho. Juzi mimi na mwenzangu tulipewa utepe mmoja wa ECG tuhesabu kasi. Mimi nikapata 60, yeye 100, na wote tulitumia kanuni ileile ya kugawa 300. Bloku, pale umeme wa moyo unapochelewa au kukwama njiani kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini, ndizo zinazonimaliza kabisa. Mtihani wa vitendo ni wiki tatu zijazo. Nifanyeje?
— Mwenye kadi 24

Marahaba mwanangu. Kadi zako zifungie kabatini. Usizitupe, utazihitaji siku mbili za mwisho, ila kwa sasa ndizo zinazokuponza. Umekariri sura, na mdundo mmoja una sura nyingi: kibandiko kikisogea kidogo kifuani, milima yote inabadilika umbo. Vipimo vya muda ndivyo vya kushika.

Nianze na ugomvi wako na mwenzako, maana humo mna nusu ya jibu. Karatasi ya ECG hutembea milimita 25 kwa sekunde. Mraba mdogo ni sekunde 0.04, mkubwa ni 0.20, kwa hiyo dakika nzima ina miraba mikubwa 300. Hapo ndipo kanuni yenu ilipotoka: 300 gawanya kwa idadi ya miraba mikubwa kati ya R mbili, vile vilele virefu vya kila pigo. Wewe bila shaka ulipima pengo la R na R lenye miraba mikubwa mitano, mwenzako akaangukia lenye mitatu. Hesabu zenu zote mbili hazina kosa. Kosa ni kuitumia kanuni hiyo mahali ambapo mapengo hayalingani. Kwenye utepe wa namna hiyo chukua miraba mikubwa 30, yaani sekunde sita, hesabu R zilizomo, zidisha kwa 10.

Halafu, badala ya kubishana nani mkweli, mngejiuliza: mbona mapengo hayalingani? Kama hayafuati mpangilio wowote, na mbele ya QRS (wimbi la vyumba vya chini) hakuna P (wimbi dogo la vyumba vya juu) bali mstari unaotetemeka tu, basi mlikuwa mmeishika fibrilesheni ya atria (vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kupiga) mkononi, mkaiacha iende.

Kwa hiyo kila utepe, hata ule unaodhani unaujua, uusome kwa mfuatano mmoja: mapengo ya R yanalingana? Kasi ni ngapi? P zipo, na zinafanana? PR, yaani kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS, ina urefu gani? QRS ina upana gani? PR ya kawaida ni miraba midogo mitatu hadi mitano. QRS ya kawaida haifiki mitatu. Jina la mdundo linakuja mwisho.

Mimi nililijifunza hili kwa aibu. Nikiwa mwanafunzi, zamu ya usiku, nilikuwa na mgonjwa ambaye monita yake ilisoma 150. QRS nyembamba, mapengo yamelingana, nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: takikadia ya sainasi, yaani mdundo wa kawaida unaokwenda mbio. Saa moja baadaye, 150. Saa iliyofuata, 150. Muuguzi kiongozi wa zamu alipopita, alimtazama mgonjwa kwanza, karatasi baadaye, akaniuliza: “Huyu kalala fofofo, hana homa, hana maumivu. Moyo wake unakimbilia wapi?”

Nilikosa la kusema. Moyo unaoongozwa na nodi ya SA, kianzishi chake cha asili cha mapigo, hupanda na kushuka kidogo, mtu akijigeuza, akikohoa, hata akivuta pumzi. Ule uliganda palepale. Tulipochapisha utepe mrefu tukaona meno ya msumeno yamejibanza ndani ya wimbi la T, lile linalofuata QRS. Ilikuwa flata ya atria: vyumba vya juu vinapiga kama mara 300 kwa dakika, na kati ya kila mapigo mawili ni moja tu linalopenya kwenda chini. Mpaka leo, nikiona 150 isiyotikisika, naisogelea.

Sasa bloku. Tafuta karatasi nyeupe na penseli. Weka ukingo wa karatasi juu ya mawimbi ya P, tia alama kwenye P mbili zinazofuatana, kisha isogeze mbele hatua kwa hatua. Utazikuta P hata zile zilizojificha ndani ya T. Ukishazipata zote, tazama PR. Kila P ina QRS yake, na PR ni ndefu kupita mraba mmoja mkubwa bila kubadilika: digrii ya kwanza. PR inarefuka, inarefuka, QRS inakosekana, halafu PR inarudi kuwa fupi: digrii ya pili, aina ya Wenckebach. PR haibadiliki, mara ghafla P inabaki peke yake bila QRS: digrii ya pili, aina ya Mobitz ya pili. P zina mwendo wake na QRS zina mwendo wake, hazijuani: digrii ya tatu. Hizi mbili za mwisho unamwita daktari hata kama mgonjwa anakuchekea.

Wenckebach mwenyewe alikuwa daktari Mholanzi, na aliueleza mtindo huo mwaka 1899, kabla Mholanzi mwenzake, Willem Einthoven, hajaleta mashine ya ECG iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Hakuwa na P ya kutazama. Alipima mapengo kwenye mchoro wa mapigo ya mshipa, basi.

Kwa wiki hizi tatu soma tepe tano kwa siku, na uandike maelezo tu, jina usiliandike. Kisha msomee maelezo hayo yule mwenzako wa 100, bila kumwonyesha utepe, ataje mdundo. Akikwama, kuna kitu hukukipima. Mbadilishane.

Na kwenye mtihani, ukiwekewa mstari ulionyooka, usikurupuke kusema asistoli, yaani moyo umesimama. Sema unamwita mgonjwa, unamshika mshipa wa shingoni, unakagua kama nyaya zimeshika. Ukiwekewa mdundo mzuri, mshike mshipa vilevile, kwa sababu monita inaweza kuchora mdundo safi kwa mtu asiye na mapigo. Nilipokuwa mtahini nilikuwa nakaa pale kuyasubiri maneno hayo, na wengi waliondoka hawajayasema.