Kabla hujanunua kitabu cha nyota, tazama latitudo yake

Kutambua nyota napenda kutumia kile kitabu kidogo cha mfukoni kuliko programu ya simu. Simu hukutajia jina ukalisahau papo hapo. Kitabu hukulazimisha uitafute nyota mwenyewe, na ukishaipata hivyo haitakupotea tena.

Ila vingi vinavyouzwa vimechapishwa Uingereza au Marekani, na ramani zake ni za anga la latitudo (umbali kutoka ikweta) ya nyuzi 40 au 50 kaskazini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini. Kitabu kinachokuanzishia kwenye Nyota ya Kaskazini kitakukeshesha bure, maana kwetu nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Kama Msalaba wa Kusini, lile kundi la nyota la anga la kusini, haumo, kirudishe rafuni.

Anza na kundi la nyota la Jabari, yaani Orion, jioni za Desemba hadi Machi. Vitabu vya kaskazini humchora amesimama wima. Kwetu huchomoza amelala ubavu, nyota tatu za mkanda wake zikitokea mashariki hasa, kisha hupita karibu na utosi. Basi zungusha kitabu mpaka kilingane naye. Ufuate mkanda upande mmoja, utafika Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Upande wa pili utapita nyota ya Aldebaran hadi Kilimia, kishada cha nyota ndogo. Hicho ndicho wazee wa pwani walichopimia misimu: kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Na kweli, hupotelea magharibi masika, kikarudi alfajiri mwezi Juni mvua zimekatika.

Utashangaa kuona mashariki ya ramani iko kushoto. Mchapaji hakukosea. Inyanyue juu ya kichwa, kaskazini yake ielekee kaskazini, pande zote zitakubaliana.

Msalaba wa Kusini utafute jioni za Aprili hadi Juni. Jihadhari, upo msalaba wa uongo, mkubwa zaidi na hafifu. Ule wa kweli una nyota mbili kali, Alfa na Beta Sentauri, kushoto kwake ukitazama kusini.

Tochi ifunike kwa plastiki nyekundu, na uyape macho dakika 20 yazoee giza.

Ukikuta nyota kali isiyokuwemo ramanini, huenda ni Zuhura au Mshtarii. Sayari huhamahama, ndiyo maana hazichapwi. Mimi huzichora kwa penseli mahali nilipoziona, na tarehe pembeni.